Jina Ninaloandika Kwenye Programu za Watu

Ukiniletea programu yako niijaribu, usitegemee nitaandika jina langu. Jina langu, Athumani Saidi Mfaume, linapita popote. Halijawahi kumsumbua karani, wala mwalimu, wala kompyuta. Mimi naandika Zainabu Nang'unde. Nikishaandika, nabonyeza kitufe cha kuhifadhi, naegemea kiti, nanywa kahawa yangu taratibu. Vijana wa hapa Kilwa Masoko wamekwisha nijua. Wengine wakiniona barazani na kikombe mkononi wanapita upande wa pili wa barabara, kompyuta zao kwapani.

Msinikimbie. Nimestaafu, sina mamlaka ya kumfelisha mtu. Nataka tu kuwasimulia jina hilo nililitoa wapi, maana lilinifundisha kazi kuliko kozi zote nilizopelekwa na ofisi. Na kwa sababu ya uzembe wangu juu ya jina hilo, mama mmoja wa Milola alipoteza nusu ya maua ya mikorosho yake. Nasema mapema kwamba kosa lilikuwa langu, ili msihangaike kulitafuta.

Nilianza kazi nikiwa mpiga chapa katika chama kimoja cha wakulima wa korosho, ofisi yetu ikiwa Lindi mjini. Enzi hizo ni taipureta. Ukitaka kuandika ng'ombe, unapiga n, unapiga g, unapiga ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu, unaendelea na mengine. Taipureta haikuulizi kitu. Mkono wangu ulizoea hivyo miaka mingi, ndiyo maana sikuwahi kuiwaza alama ile hata siku moja.

Kompyuta zilipoletwa, wakatafuta mtu wa kwenda Dar es Salaam kujifunza kuandika programu. Wenzangu wakasingizia macho, mmoja akasingizia mke mgonjwa ambaye tulimwona sokoni jioni ile ile. Mimi nikanyoosha mkono. Nikarudi baada ya miezi kadhaa kichwa kimevimba, nikajiita fundi, na watu wakaniita fundi. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa programu ya orodha ya wakulima. Mkulima anajaza fomu kijijini, karani analiingiza jina lake kwenye kanzidata, ndiyo ile stoo ya kumbukumbu ndani ya kompyuta, kisha msimu wa maua ukifika tunachapa orodha na kuipeleka kijijini pamoja na salfa. Aliyemo anapewa mifuko yake. Asiyekuwemo anarudi mikono mitupu.

Kwa ninyi mliokulia pwani na kula korosho za kununua, niwaeleze. Mkorosho ukitoa maua unapatwa na ugonjwa, wakulima wanauita ubwiri unga. Maua yanakuwa kama yamepakwa majivu, yanakauka, yanapukutika. Dawa yake wakati ule ilikuwa salfa, unga wa njano, unapuliziwa mtini alfajiri upepo ukiwa umetulia. Ukiwahi, maua yanapona. Ukichelewa wiki mbili tatu, unasubiri mwaka mwingine.

Programu yangu niliijaribu siku tatu nzima, msidhani nilikuwa mvivu. Niliandika majina ya mtaa wetu wote hapa Kilwa. Hamisi, Mwanaidi, Shomari, Fatuma binti Abdallah. Niliandika jina la imamu wetu, la muuza vitumbua, la marehemu bibi yangu. Yote yakaingia, yakatoka, yakachapwa safi. Nikamwita Mwajuma, karani wa kuingiza majina, mama mtu mzima na mpole sana, nikamwambia kwa sauti ya watu wa Dar: programu hii haina kosa, ikigoma basi kosa ni la anayeandika.

Mnaiona akili hiyo? Sisi watu wa mjini pwani majina yetu karibu yote yametoka msikitini. Haikunijia kabisa kwamba ukiondoka Lindi ukaelekea Milola, watu wanabeba majina ya babu zao, ya Kimwera na ya Kimakonde, na ng' imo tele. Ningekuwa nimezaliwa Milola ningeligundua kosa lile siku ya kwanza, kwa kuandika jina langu tu.

Basi siku moja, maua yameanza, salfa imekwisha gawiwa vijiji vya kwanza, nimekaa ofisini najiona. Mlango ukabishwa.

"Hodi."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetengeneza orodha?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu kiti."

Kiti hakukitaka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ana umri wa mama yangu mdogo, vumbi la barabara limempanda hadi magotini. Alifungua pindo la kanga, akatoa tawi la mkorosho lenye maua, akalilaza juu ya kibodi yangu. Maua yalikuwa ya kijivu. Nilipoligusa, yakabaki vidoleni kama unga.

"Naitwa Zainabu Nang'unde, natoka Milola. Huu ni mti wa kwanza ukiingia shambani kwangu," akasema. "Jirani yangu wa kushoto yumo kwenye orodha yako. Wa kulia yumo. Mimi na kaka yangu Issa hatumo. Fomu tulijaza. Nimekuja nijue tumekosa nini."

Nikasema kwa kujiamini kwamba labda fomu hazikufika. Hapo Mwajuma akainama taratibu, akavuta boksi la sabuni lililokuwa chini ya meza yake, akalisukuma hadi miguuni pangu. Juu yake ameandika kwa kalamu nene: WAKOROFI. Ndani mna fomu sitini na kitu. Nikashika moja, nyingine, nyingine. Ng'ombo. Nang'olo. Issa Nang'unde. Karibu wote wa bara.

"Hawa ni akina nani, Mwajuma?"

"Ni wale ambao kompyuta inawakataa, fundi. Nikiandika jina inatoa maneno mekundu ya Kizungu."

"Mbona hukuniambia?"

Akatazama chini. "Ulisema ikigoma kosa ni la anayeandika. Nikaona haya kukuletea makosa yangu sitini."

Nilinywea. Mama wa watu amekaa wiki nzima na boksi la wakulima chini ya miguu yake kwa sababu ya maneno yangu ya majivuno. Kama kuna jambo moja nataka mlibebe kutoka kwenye kisa hiki, basi ni hilo boksi. Leo kila ofisi ninayoingia nauliza kwanza, kabla hata ya kuwasha kompyuta: wale wanaokataliwa mnawaweka wapi? Huwa wanatazamana. Boksi huwa lipo.

Sasa ugonjwa wa programu yangu ulikuwa huu. Ukitaka kanzidata ihifadhi jina, unaiandikia amri, sisi wa fani tunaiita kwiri. Ndani ya kwiri hiyo jina unaliweka kati ya alama mbili, moja ya kufungulia na moja ya kufungia, ili mashine ijue jina linaanzia hapa na kuishia pale. Na alama zenyewe ni ritifaa. Andika Hamisi, hakuna tatizo. Andika Nang'unde, mashine inasoma "Nang", inakutana na ritifaa, inasema haya, jina limekwisha. Ile "unde" iliyobaki inaisoma kama amri. Haijui amri inayoitwa unde. Inagoma. Mimi niliyeandika ng'ombe kwa taipureta miaka yote ile sikuliona.

Nikamwambia yule mama kwa upole, huku nikitafuta njia ya mkato: "Mama, tuandike Nangunde tu, bila hiyo alama. Utapata salfa yako kesho kutwa."

"Kadi yangu ya chama ina alama," akasema. "Mtunza ghala wenu analinganisha kadi na orodha herufi kwa herufi, tangu watu walipochukua salfa za wenzao. Atanirudisha. Halafu jina hili si langu peke yangu. Babu aliniachia, na mimi natazamia kumwachia mtu. Wewe liandike kama lilivyo. Nyuma kuna miti ambayo ndiyo kwanza inatoa maua, nina kama wiki mbili."

Akachukua tawi lake akaondoka. Unga wa kijivu ukabaki kwenye kibodi, sikuufuta siku ile.

Sasa sikieni fundi alivyotengeneza. Kanzidata ina sheria yake: ikiona ritifaa mbili zimeshikana katikati ya jina, inaelewa kwamba ni moja tu, na ni mali ya jina. Nikaona dawa ndiyo hii. Nikaandika mistari mitatu kwenye programu, kila ritifaa iongezwe mwenzake kabla jina halijapelekwa. Nikajaribu, halikugoma. Nikamwambia Mwajuma aingize boksi zima, akaingiza siku mbili, akarekebisha namba za simu, akarekebisha majina ya vitongoji. Orodha ikachapwa, ikaenda. Mimi jioni nikanunua pweza nikala kwa raha zangu.

Siku ya nne mlango ukabishwa tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Safari ya kwanza ulininyima," akasema Bi Zainabu, "safari hii umenizidishia."

Akanionyesha orodha. Jina lake lilikuwa na ritifaa nne mfululizo, limeota miiba. La Issa lilikuwa na nane. Kumbe katika kutengeneza huko nilikuwa nimechomeka pia sehemu iliyokwisha andikwa na watu wengine, ambayo nayo inaongeza ritifaa kimyakimya. Mimi naongeza, nayo inaongeza. Mashine inapunguza mara moja tu, na ya ziada inalala humo humo. Kila Mwajuma alipofungua jina la mtu kurekebisha namba ya simu na kulihifadhi upya, miiba ikazaliana. Mtunza ghala alipoona jina lile akasema ni la kughushi, akafunga mlango.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Lilikuwa linachekesha kweli. Yeye hakucheka. Alisema, "Imebaki wiki moja na siku kidogo, fundi," na kicheko kikanikauka mdomoni.

Mkuu wangu wa kazi, Bi Saida, ndiyo kwanza alikuwa amerudi likizo. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuja kwetu, na tabia ya ualimu haikumtoka. Hakuwahi kukupa jibu kabla hajakuaibisha kidogo. Nikamweleza yote mbele ya Bi Zainabu, maana niliona si haki nimfiche. Akaniuliza programu iko wapi. Nikamwashia.

Akaenda kwenye sehemu ya kutafutia mkulima. Badala ya jina akaandika ritifaa moja, akafuatisha maneno manne matano, akabonyeza. Skrini ikamwaga wakulima wote wa chama, kijiji hadi kijiji, na namba zao za simu, bila hata kumwuliza nywila.

"Kule kwenye kuhifadhi umeziba kwa viraka," akasema. "Huku hukuziba kabisa. Ningetaka ningeandika amri ya kuwafuta wote. Ungeamka kesho huna mkulima hata mmoja."

Jasho likanitoka. Bi Zainabu naye akasogea kutazama. "Huyo mwenye miiba si mimi," akasema. Bi Saida akamjibu, "Utakuwemo, dada."

Kisha akachukua fomu tupu ya mkulima, akaiweka mbele yangu. "Haya maneno, Jina la Mkulima, Kijiji, nani kayaandika?"

"Yamechapwa kiwandani."

"Mkulima akijaza hapa kwenye mstari, akaandika neno lolote analotaka, akachora hata kuku, haya maneno ya kiwandani yatabadilika?"

"Hayabadiliki."

"Kwa nini wewe unamwandikia kanzidata amri na jina la mtu kwa mkono mmoja, kwenye mstari mmoja, halafu unashangaa inachanganya? Amri ichape mapema, uache nafasi wazi. Jina lipeleke peke yake, lijaze nafasi. Jina likishakuwa ndani ya nafasi yake, liwe na ritifaa, liwe na nukta, liwe na kuku, ni jina tu."

Ndivyo inavyofanyika hadi leo, na zana zenu za sasa zinawapa njia hiyo bure. Kwenye kwiri unaweka alama ya kuuliza mahali pa jina, na jina unalipeleka pembeni. Hakuna kuzidisha ritifaa, hakuna vijiti vya mshazari vya kukinga ritifaa, hakuna viraka. Lakini kila mwaka nakutana na kijana aliyeunganisha jina la mtu na amri kwa alama ya kujumlisha, eti kwa haraka tu, atarekebisha baadaye. Mimi nilikuwa na haraka kuliko wewe, mwanangu, na mama wa watu alisafiri mara mbili huku maua yake yakikauka.

Tulifanya kazi siku ile hadi ofisi inafungwa, na kesho yake hadi alasiri. Programu ilikuwa na kwiri zaidi ya hamsini. Bi Saida alikataa turekebishe ile ya jina peke yake. Nilimwambia tunachelewa, akaniambia usinipigie kelele, piga kazi. Mwajuma akaketi pembeni akiingiza upya fomu za kwenye boksi, na kila jina lilipopita analisoma kwa sauti. Nang'olo, limepita. Ng'ombo, limepita. Boksi lilipokuwa tupu akafuta neno WAKOROFI kwa kitambaa chenye maji, likabaki doa.

Orodha nikaipeleka mwenyewe, nimekaa juu ya mifuko ya salfa kwenye gari la chama. Mtunza ghala akashika kadi ya Bi Zainabu, akashika orodha, akafuata kwa kidole herufi kwa herufi. Moyo ulinidunda kuliko siku ya harusi yangu. Akapiga muhuri.

Nikafikiri kazi yangu imekwisha. Bi Zainabu akaniangalia viatu vyangu vya ofisini.

"Umechelewesha salfa," akasema, "sasa utanisaidia kuipulizia."

Nililala kwa kaka yake Issa. Baada ya swala ya alfajiri wakanibebesha ile mashine ya kupulizia mgongoni, mtoto wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe. Ina injini, inatetema hadi meno. Safu ya kwanza nilielekeza bomba upande ambao siuelewi, unga wote ukanirudia. Issa alikaa chini kwa kucheka. Bi Zainabu ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka, na alicheka akiwa ameshika mti. Nilirudi Lindi nikiwa wa njano. Nguo nilizitupa, lakini masikio yalikaa ya njano siku tatu, ofisi nzima ikinichungulia.

Miti ya mbele ilikuwa imekwisha haribika. Hiyo hatukuiwahi. Ya nyuma ilipona. Msimu ulipokwisha nilikwenda kumwangalia, nikajaribu kumwomba radhi kwa maneno marefu niliyoyapanga njiani. Akanikatiza.

"Nusu imekwenda, fundi. Nusu nimeipata. Usije ukasahau mojawapo."

Halafu akaniambia nitoe daftari. Tukaketi nje kwake, yeye na Issa wananitajia majina ya watu wa Milola na vijiji vya jirani, yale magumu magumu, mimi naandika. Mwenye majina manne. Mwenye jina moja tu. Mwenye kistari katikati. Nilijaza kurasa sita. Daftari hilo ninalo. Miaka baadaye, nilipopewa kazi ya daftari la boti za Songo Songo, kulikuwa na boti imeandikwa ubavuni Ng'ambo Sirudi, na alama za kunukuu huku na huku kwa mapambo, na mwenyewe akataka iandikwe hivyo hivyo na alama zake. Ikaingia mara moja. Nahodha alisema ahsante kama mtu aliyepewa kitu cha kawaida, na mimi nilifurahi siku nzima.

Sasa niwamalizie na la juzi. Nimekaa barazani, binti mmoja akaja na kompyuta. Huyu hakupita upande wa pili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa wewe unajaribu programu za watu. Yangu ni ya wakulima wa kijijini kwetu, wanajisajili wenyewe kwa simu."

Nikaweka kikombe, nikavuta kompyuta, nikaandika kama kawaida yangu: Zainabu Nang'unde. Nikabonyeza, nikaegemea kiti. Programu ikajibu kwa Kiswahili kizuri: Zainabu Nang'unde amekwisha sajiliwa.

Nikakaa wima. Nikasema moyoni, hili kosa jipya. "Nani kamsajili huyu?"

"Mimi, babu. Nilipomaliza kuandika programu niliijaribu kwa jina langu."

Nikamtazama vizuri. Mrefu, mkavu. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Hassani, mtoto wa Issa Nang'unde wa Milola. Jina nilirithishwa na bibi."

Nilijaribu majina mengine ya kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, wa pili, yote yakapita, lakini kusema kweli sikuwa nikiangalia programu.

"Bibi yupo?" nikauliza.

"Yupo, alhamdulillahi. Macho tu yanamsumbua. Ndiye aliyenituma kwako." Akatabasamu, akasita kidogo kwa heshima. "Kasema nikifika nikuangalie masikio, kama bado ni ya njano."

Nikamwinamishia kichwa aangalie.